Pauni Nne

Mizani ya kliniki yetu haina aibu.
Bapa la chuma sakafuni, Toledo, Ohio,
ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Mimi ndiye ninayesoma namba na kuiandika.
Miaka kumi na moja. Nimesoma watu wengi.

Lorraine Kowalczyk alikuja Februari,
theluji bado imeng'ang'ania buti.
Dereva wa basi la shule, njia ya kumi na nne.
Alisema usukani umeanza kumla tumbo.
Alisema usiku analala na mashine usoni,
inampulizia pumzi kama mtu anayefufua moto.
Kwenye fomu, penye sababu ya kutaka upasuaji,
aliandika neno moja: Ngazi.

Bima wakasema, kwanza miezi sita.
Miezi sita ya kujinyima mbele ya mashahidi,
kila mwezi apimwe, kila mwezi isainiwe,
akikosa mmoja aanze upya.

Akajinyima.
Pasaka akazipita pierogi za shangazi Bernadine
kama anayepita mbele ya mlango wa mdai.
Akazunguka maegesho ya mabasi mara tatu, kisha nne,
goti likilia kama bawaba.
Machi akapungua. Aprili akapungua.
Mei hakupungua, akalia,
nikampa karatasi ya kufutia mikono, tishu zilikuwa zimekwisha.
Kufikia Julai pauni kumi na nane zilikuwa zimekwenda.
Tulimpigia makofi pale pale kwenye korido,
mimi na daktari Venkataraman.

Barua ilifika Agosti. Ukiondoa nembo, ilisema hivi:

        Barua tumeipata,
        kwa makini tukateta,
        na kanuni kufuata,
        ombi lako limekwama.

        Uzito umepungua,
        kipimo kimetambua,
        fungu hatutafungua.
        Tunakutakia wema.

Yaani walitaka uwiano wa arobaini,
naye kwa utiifu wake ameshuka hadi thelathini na tisa na nukta.
Walimtaka aonyeshe kwamba anaweza kupungua;
alipoonyesha, wakamuuliza mbona umepungua.
Pauni nne.
Mfuko mmoja wa sukari, ule wa rafu ya chini.

Niliwapigia. Dakika hamsini na mbili za kinanda,
kisha kijana mpole aitwaye Keaton
akanisomea kifungu nilichokuwa nacho mkononi.
Na ile mashine ya usiku, nikauliza, haihesabiki?
Inahesabika, mama, ila vipimo vya usingizi ni vya zamani.
Nafasi ya kupima upya ni Novemba.
Mkataba wa Lorraine na shule, na bima yake,
vinakwisha Septemba thelathini.
Keaton akaniuliza kama kuna jingine analoweza kunisaidia.

Jumanne ile alirudi kupimwa kwa ajili ya rufaa.
Joto la kulainisha lami,
naye amevaa koti la marehemu mumewe, Stan,
aliyekuwa akivua samaki kwenye barafu ya Ziwa Erie.
Koti la mifuko mingi.
Alipopanda, kitu kikagonga kitu, kwa sauti ndogo, nzito.
Chubwi za risasi.
Naujua mlio huo; baba yangu alizihifadhi ndani ya kopo la kahawa.

Sheria ya chumba hiki ni moja tu: koti livuliwe.
Nimewaambia maelfu.
Nimemwambia mchungaji, nimemwambia mwanamke mwenye kansa.

Lorraine alikazia macho bango la matunda ukutani.
Jasho shingoni. Kiganja juu ya mfuko wa kushoto,
kama anayemtuliza mtoto kanisani.
Namba ikapanda, ikasita.

Kalamu yangu ilikuwa na jina la kampuni yao.
Wanatugawia bure kila Desemba.
Nikaibofya.

"Simama wima," nikamwambia,
"na usitikisike."