Julai, Juu ya Paa

Usipande nyanya sasa, Nafuna.
Nilipanda mwaka juzi, kwa ubishi tu,
wiki ya tatu majani yakawa meusi
kama vitambaa vya kushikia sufuria.

Jua la Nairobi mwezi huu ni mgeni wa adabu:
huja saa saba, halivui koti, saa tisa limeaga.
Basi geuza gunia, upande wenye sukuma
ulielekee tangi jeusi la maji. Lile hushika joto.

Mwagilia asubuhi, kikombe kimoja,
si jioni. Mzizi nao ukilala na miguu iliyolowa
huamka na kikohozi.
Majivu ya jiko usitupe, zungushia shina;
konokono huyakwepa
kama tunavyomkwepa mkusanya kodi.

Dania itachelewa. Iache ichelewe.
Kerubo, aliyenipa mbegu ndani ya bahasha tupu ya kodi,
alizifukua zake kila asubuhi kuona kama zimeota,
kisha akanicheka nikifanya vilevile.

Alihama Agosti, usiku.
Mvua ya vuli iliponyesha
gunia lake likachipua spinachi
ambayo hatukumwona akiipanda.

Jengo zima lilichuma.