Daftari la Pishi

Daftari hili nililinunua Wete kwa hesabu za karafuu:
nani kachuma pishi ngapi, nani kakopa kabla ya msimu.
Ukurasa wa kumi na saba, Makame Shaame, limekatwa. Kalipa.
Ukurasa wa kumi na nane hauna deni la mtu:

Alfajiri. Kidonge cheupe. Kabla ya chai,
kabla ya dripu, kabla ya yote.

Safari ya kwanza hatukujua.
Tulirudi kutoka Mnazi Mmoja na bahasha hatukuifungua,
tukisema dawa ya kutapika humezwa na anayetapika.
Mize akakumbatia ndoo siku mbili na usiku wake.
Alitapika chai, akatapika maji, akatapika nyongo,
mwisho akatapika sauti tupu,
nami mlangoni na kanga iliyorowa,
mwanamme mzima, sijui mikono yangu niiweke wapi.

Nesi Raya hakutugombeza.
Alitoa kalamu sikioni, akaniuliza:
"Jamvi lako la karafuu unalikunja lini?"
Nikikiona kiwingu.
"Hungoji mvua?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Basi na kichefuchefu ndio hivyo. Ukikingoja, ushaloa."

Tangu hapo naandika.
Kidonge cha pili baada ya magharibi.
Kesho tena, hata akisema hajambo,
hasa akisema hajambo.
Wali mkavu, kiganja kimoja, apumzike, kiganja kingine.
Maji kwa kijiko.
Samaki akaangwe kwa jirani.
Kitunguu haramu nyumbani kwangu mpaka mwezi uandame.
Tangawizi: Jumatatu kaikubali,
Jumanne kaitazama kama mtu anayemdai.

Msimu lakini hauna kidonge.
Njia nzima ikatandazwa majamvi,
na harufu ile iliyotoa mahari yake,
iliyoezeka bati, iliyosomesha watoto watatu,
ikamfuata kitandani.
Akaziba pua kwa kisutu.
"Nisamehe," kasema, sijui kaniambia mimi au karafuu.

Nikalibeba jamvi langu hadi nyuma ya skuli.
Sikumwomba mtu.
Asubuhi ya pili jamvi la Faki halipo njiani,
la mama Hidaya halipo,
yamepangana kule nyuma, ubavu kwa ubavu na langu.
Faki kanambia huku jua ni kali zaidi.
Huku pana mfenesi. Kivuli kutwa.

Ugonjwa wenyewe siuandiki humu,
sina kipimo chake.
Naandika saa, kidonge, kijiko,
na pembeni, kwa penseli, mara ngapi katapika:
sita. Nne. Nne. Moja, kidogo.
Jana pako patupu.
Nikadhani nimepitiwa, nikamwamsha kumuuliza.

"Usiandike kitu," kasema, macho kayafumba.
"Nikorogee uji. Na safari hii,
tia chumvi, bwana, uji wako hauna ladha."