Imesafishwa

Ilirudi kwa posta, Wete, siku ya Jumanne,
ndani ya kijumba cha plastiki kisicho mlango:
pesa ya shaba ya bibi Mize, yenye mizani mgongoni
na mwaka wake wa Hijra.
Nililipa nauli, nikalipa bima, nikalipa ada ya kupimwa
na ada ya kuandikiwa kwamba imepimwa,
kwa watu nisiowajua, ng'ambo, wenye taa na darubini,
ambao jina lao huaminiwa kuliko langu.
Kibandiko kilikuwa kifupi kama talaka:
*Halisi. Imesafishwa. Haina daraja.*

Kweli imesafishwa.
Kila kuamkia Idi bibi aliikalia kwa jivu na nusu ya ndimu,
akaisugua kwa kumbi la nazi mpaka mizani ikang'aa,
akatutilia viganjani kwa zamu, tuitazame,
kisha akairudisha kijalubani, juu ya tambuu.
Wao wameona mikwaruzo. Hawakukosea.
Mimi naijua kwa miaka yake:
huu, mwaka karafuu zilipokataa;
huu, mwaka aliozaliwa Hidaya wangu.

Sitaki kuwasingizia.
Reale ya fedha ya ami Shaame, ile aliyoiapia,
iliyotoka mahari mara mbili na kurudi mara mbili,
waliirudisha na neno moja: *Bandia.*
Tulicheka. Tukawaita wezi.
Baba, fundi sonara, miaka arobaini
aliipima akasema iko sawa.
Usiku nikachukua kioo chake, nikafuata ukingo kwa ukucha.
Mshono. Mwembamba kama unywele ndani ya samli,
umezunguka wote, mpaka ulipoanzia.
Baba alipima uzito, hakutazama ukingo.
Au aliuona
akanyamaza, maana ami alikuwa na deni
na binti wa kuoza.

Basi niwaamini?
Dalali Feruzi wa Mkunazini ana pesa pacha ya hii,
isiyowahi kuonja ndimu.
Safari ya kwanza walimpa hamsini na nane.
Akakivunja kijumba, akaipeleka tena:
sitini na tatu.
Shaba ileile. Haikulala ikaamka nzuri zaidi.
Safari ya tatu haikwenda. "Ukishapata," kaniambia,
"acha kuuliza."
Na hiyo tano iliyozidi, kwa mnunuzi wake wa Dubai,
ni mabati ya paa zima.

Nimekaa na kalamu, nafanya hesabu zangu.
Sarafu ya kumiminwa na ya kupigwa, wanazijua. Hapo nawasadiki.
Mkono ukipita juu ya shaba, wanauona. Hapo pia.
Lakini kati ya hamsini na nane na sitini na tatu
kuna mtu aliyekunywa chai yake au hakuinywa,
aliyeishika ya kwanza asubuhi
au ya mia mbili, macho yanamwasha,
na huyo hawamwandiki kwenye kibandiko.

Jana Feruzi kapiga simu: vipi, unavunja?
Nikamwambia mkwaruzo hauponi kwa safari.
Lakini nimevunja.
Mchi wa thomu, mapigo mawili, plastiki ikalia kama gamba la kaa.
Shaba ikatoka baridi, ikashika joto la kiganja,
harufu yake ikarudi, ile ya ufunguo wa zamani.
Idi ni Ijumaa. Ndimu ninayo. Jivu ninalo.
Hidaya kasimama mlangoni: "Mama, usiisugue,
unaishusha thamani."
Sikumjibu. Sijui ni thamani ipi aliyoitaja,
wala kama mimi ndiye wa kuulizwa.

Nimeiweka dirishani, mizani juu.
Vitanga viwili vimelingana, sawasawa kabisa,
na hakuna aliyewahi kutia kitu ndani yake.