Kimo cha Pua Zao

Saa saba mchana, baada ya uji,
watoto kumi na tisa wamelala
katika chumba cha mbao, mtaa wa Ndosho,
juu ya magodoro yaliyokatwa katikati
ili yatoshe.

Nje mvua. Dirisha limefungwa,
ufa wa ubao umezibwa kwa fulana
ya mtu ambaye hakuna anayemkumbuka.
Mbabula imo ndani, karibu na mlango,
makala mekundu, yaliyoiva, hayatoi hata uzi wa moshi.
Husemwa panapofuka moshi hapakosi moto.
Mimi nilikuwa naamini na la upande wa pili:
pasipofuka moshi pana amani.

Siku hiyo Bitondo, asiyelala kamwe,
ambaye huhesabu misumari ya dari kwa sauti,
alilala kabla ya wenzake wote.
Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.
Nikakaa kwenye kigoda nikashona kifungo.

Kabuo akaamka, akashika kichwa.
Hakulia. Alikishika tu kwa mikono miwili
kama abebaye sufuria iliyojaa.

Ndipo nikafanya jambo ambalo
kwa miaka sita ya kulea sijawahi kulifanya:
nikalala sakafuni, shavu kwenye mkeka,
pua yangu kwenye kimo cha pua zao.

Jamani.

Huku chini ni nchi nyingine.
Vumbi jeusi la mlima, tulilolileta kwa nyayo zetu,
koga nyuma ya kabati,
mkojo wa jana uliofutwa kwa kitambaa cha juzi,
na kitu kisicho na harufu
kilichonibana paji la uso polepole.
Na huko juu kilikuwepo. Ila huko juu
nilikuwa na kifungo cha kushona.

Sisi watu wa Goma, mazuku tunayajua.
Tunajua shimo ambalo mbuzi hushuka asipande.
Mgeni tunamshika mkono: usipite hapo alfajiri,
mtoto asicheze hapo.
Pumzi ya mlima tunaiogopa.
Ya mbabula tunaifungulia mlango,
tunaipepea kwa mfuniko,
tunaifungia ndani pamoja na wanetu.

Nikaitoa mvuani. Ilipiga kelele kama paka.
Mlango wazi, dirisha wazi, watoto barazani
mmoja mmoja, wazito, wakinung'unika.
Wa mwisho Bitondo.
Nilimwita mara tatu.
Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko mwaka.
Akasema, macho yamefumba: "Kumi na nne,"
akaendelea na misumari yake.

Mama Nzigire, mwenye kituo, alinijia juu.
Baridi! Nimonia! Wazazi watasema nini?
Na ni kweli, baridi ya Goma si ya mchezo.
Sikuwa na jibu la baridi.
Nilikuwa na kichwa kinachogonga.
Tulinuniana hadi Alhamisi.
Ijumaa alikuja na fundi Paluku na msumeno,
wakakata matundu mawili chini ya bati,
wakayawamba kwa chandarua chakavu.
Hakuniomba radhi. Alileta blanketi saba.

Sasa uji unapikwa kibandani,
viatu vinabaki nje,
sakafu tunapangusa kwa kitambaa kilicholowa
kwa sababu ufagio huhamisha tu vumbi
kutoka chini kwenda kifuani.
Zipo siku mlima unatema majivu
na nguo kwenye kamba zinageuka kijivu.
Siku hizo nafunga, nafungua, nafunga tena,
na sijui, kwa kweli sijui.

Lakini kila saa saba nalala chini.
Wanadhani ni mchezo, wananiiga,
kumi na tisa wakinusa kama sungura.
Jana Bitondo alisogea karibu na sikio langu:
"Mama, unatafuta nini?"
Nikamwambia sitafuti kitu,
natamani nisikipate.
Akanusa kwa bidii, akafikiri.
"Panuka mvua," akasema.