Bajeti ya Perege

Nyuma ya risiti ya luku tumeiandika safari:
petroli, elfu thelathini
(Ndelilio atachanga kumi,
Akundaeli atachanga maneno),
chambo bure, minyoo ya migombani Kibosho,
ndoana tatu, mshipi wa kuazima.

Barafu tumeifuta.
Mkate nao, kuna ndizi za Mama Manka.
Gesti ya Nyumba ya Mungu tumeifuta mara mbili,
kalamu ikatoboa karatasi:
tutalala ndani ya Korola, viti vimelazwa,
bili tutaletewa na mbu.

Tutoke Moshi saa tisa usiku,
Mlima ukiwa bado umejifunika shuka,
tukate kona Kifaru, joto litupokee,
na kukipambazuka tuwe tumeshalowa magoti.

Nikajumlisha. Nikajumlisha tena, kwa simu.
Kwa hela hiyohiyo, pale sokoni Pasua,
perege ishirini, wameshaparuliwa,
na chenji ya limau.

Nikamwonyesha Akundaeli.
Akasoma polepole, kidole kikifuata tarakimu,
akaikunja risiti, akaitia mfuko wa shati.
"Wa Pasua," akasema, "hawaponyoki."

Akanirudishia kalamu.
Nikaandika kiganjani: chumvi, mia tano.