Maziwa Yanafurika

Mimi Diza, mchemsha gundi
katika karakana ya Lisania, nyuma ya jukwaa, Athene.
Wiki hii nimefinyanga vinyago viwili
kwa kitani kimoja, shuka kuukuu la mtu aliyekufa kwa homa.
Cha kwanza mfalme wao: paji pana, midomo imetulia
kama mlango wa hekalu siku isiyo na ibada.
Cha pili mfalme wetu, sisi wa kaskazini:
nywele za mkia wa farasi, meno nje,
na macho niliambiwa niyatoboe makubwa.
"Mshenzi hapepesi," alisema Lisania,
mwenyewe akipepesa, moshi ukimwingia.

Mtunzi akaja, wino kidoleni.
"Wewe si wa huko? Nipe neno la kwenu,
zito, la kunguruma,
mfalme mshenzi alitamke kabla hajachinja."

Miaka ishirini na miwili
lugha ya wenyewe imeufunika ulimi wangu
kama kawa juu ya chungu.
Nikafunua. Iliyotoka ni sauti ya mama,
yuko zizini, ananipigia kelele mimi niliyeachiwa meko:
*maziwa yanafurika, we mtoto, maziwa yanafurika!*
Nikampa hilo.
Akaliandika kwa herufi zao, likachechemea.
Akalionja mdomoni, mwili ukamsisimka.
"Naam," akasema. "Hii damu tupu."

Timarko huwacheza wote wawili.
Kwanza mstaarabu. Huyo anaingia, vazi linaburuta,
anasema juu ya sheria, juu ya mgeni na haki ya mgeni,
kisha, kwa mizani isiyopungua silabi,
anaamuru mateka wakatwe vidole gumba
wasishike tena mkuki,
ila kasia waweze.
Watu wakatokwa machozi kwa utamu wa maneno.
Muuza zeituni mmoja alisahau kutema kokwa.

Akarudi nyuma ya pazia, anahema.
Nikamvua uso, nikampangusa uso.
"Lete ushenzi, upesi," akacheka, "nywele zisipinde."
Akatoka.

MAZIWA YANAFURIKA!

Maelfu wakajisukuma nyuma juu ya mawe.
Kuhani akashika hirizi yake.
MAZIWA YANAFURIKA! Waitikiaji wakaanguka kifudifudi,
na mtoto wa mtu, safu za mbele, akajikojolea.
Bar-bar, ndivyo wanavyotusikia, bar-bar-bar,
na ukitega sikio vizuri, kweli,
ndivyo chungu kinavyosema
kabla tu ya povu kupanda.

Kule juu kabisa, kwa yaya na wabeba mizigo,
mwanamke mmoja alisimama.
Uso sikuuona. Niliona mikono,
michoro ya sindano toka kiwiko hadi kifundo,
kulungu wakikimbilia vidoleni.
Hakucheka. Aligeuka kushoto, akageuka kulia,
kama aliyeacha kitu motoni
na hakumbuki nyumba gani.

Jioni mtunzi alivikwa taji la majani.
Wakamwaga divai, wakamwita mwanga wa mji.
Mimi nilibaki nikisugua chumvi ya jasho
ndani ya vinyago, kimoja baada ya kingine,
na sikuangalia nimeshika kipi.

Akaja mlangoni, mtoto wa bwana wake
amelala mgongoni, mate yakimtoka.
Akaniuliza, kwa lugha yetu, polepole,
kila neno kama ngazi ya kisima cha giza:
"Uliwahi? Au yalimwagika?"

Nilifungua kinywa.
*Ndiyo* nilikuwa nayo. *Hapana* nilikuwa nayo.
Lakini *nilikuwa nacheza na mbwa, nikachelewa, mama akanisamehe,*
hilo lote nililitafuta chini ya ulimi
nikakuta gundi.

Nikamjibu kwa Kigiriki,
sarufi safi, sauti imetulia, kama mfalme.

Akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu wa mjini.
Akamweka mtoto sawa mgongoni.
Akaenda.