Raba za Marehemu

Eda ilipokwisha, nyumba haikujua.
Pazia zilibaki vile vile, nami nyuma ya pazia.
Miezi minne na siku kumi niliihesabu kwa tasbihi,
kisha mwezi wa tano, wa sita, bila hesabu.
Usingizi ulikuja kama mgeni mpita njia,
haketi, hali, hasemi alifuata nini.
Shufaa, mwanangu, akiniuliza la leo
nami nikimjibu la jana.

Chini ya kitanda mlikuwa na boksi.
Ndani yake raba za Mselem, nyeupe, namba arubaini na mbili,
karatasi zingali puani, bei ingali chini ya soli.
Alizinunua Mwembe Tayari
siku daktari alipomwambia: presha hii, bwana, itembeze.
Akacheka. "Kwani presha ni mbuzi," akasema,
"nikaitembeze?"
Akazisukuma uvunguni, akaagiza mkate wa mayai.

Aliyenitoa ni jirani, Bi Tima Shee,
mkunga mstaafu, goti moja bovu, ulimi mzima.
Hakusema pole. Hakusema vumilia.
"Vaa viatu."
"Vya kutembelea sina."
"Vaa vyovyote."
Nikapiga magoti, nikalivuta boksi.
Soksi jozi mbili, na kipande cha leso
nimekisokota mbele ya vidole.

Tulishika Ndia Kuu baada ya sala ya alfajiri,
maduka ya vinyago yamefumba macho,
paka wa Kibokoni wakitutazama
kama waliolipwa kutuchunga.
Kufika Ngomeni mbavu zikaanza kusema.
"Turudi."
"Pumua kwanza, halafu tutagombana."
Hatukugombana.
Mbele ni hospitali, ile ile,
dirisha la tatu, ghorofa ya pili,
na hapo nilikuwa nimejiandaa kuanguka.
Lakini miguu ilikuwa na shughuli yake,
kushoto, kulia, raba kubwa zikipiga lami pa, pa,
na machozi yalipokuja yalikuja na jasho,
nisijue lipi ni lipi,
wala mpita njia asijue.

Sitasema uongo: siku ile sikupona.
Nilirudi na malengelenge mawili
nikalala mpaka adhuhuri,
hata Shufaa akaniwekea kidole puani
kuhakikisha napumua.

Wiki ya tatu tukafika mnara wa taa.
Pale vijana wanaruka kamba,
mzee mmoja wa Kibohora anazungusha mikono
kama afukuzaye nzi wakubwa.
Hakuna anayeuliza umefiwa na nani.
"Leo umechelewa," ndiyo salamu yao,
nami nikaigeuza geuza njia nzima:
umechelewa.
Kumbe kuna mahali nilikuwa nikingojwa.

Nimekuja kugundua jambo:
huzuni haifanyi mazoezi.
Tunatoka nayo mlangoni, imenishika mkono,
tukifika uwanja wa gofu inaanza kuhema,
penye mwinuko inaniomba tukae.
Mimi sikai.
Ziko siku hunivizia jikoni, imeshapumzika,
nami nina kitunguu mkononi.
Ziko Ijumaa haichoki kabisa.
Hizo natembea nayo polepole,
kama mgonjwa anayejifunza ngazi.

Bi Tima asema moyo ni nyama kama nyama nyingine,
ukiukosesha kazi unaganda.
Mimi sijui. Ninalojua
ni mahamri tunayonunua tukirudi
(muuzaji hutucheka: mnapunguza huku mnajaza!).
Juzi nimeuma moja, nikasimama barabarani.
Iliki.
Miezi yote ile yalikuwa na iliki?

Jana nimezigeuza raba.
Bei imefutika, kisigino cha kushoto kimelika.
Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani:
mbuzi wako, Mselem, nimemtembeza.
Kesho namtoa tena.